Jina la Baba na Nambari ya TSC

Afisa wa TSC, tume inayosajili na kuajiri walimu wa Kenya, aliyepokea faili langu alizipanga karatasi mezani moja moja, kama mcheza karata. Cheti cha KCSE, mtihani wa kidato cha nne, kushoto, kitambulisho katikati, shahada ya chuo kikuu kulia. Akazitazama. Akanitazama mimi. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwalimu, hawa watatu, babako ni yupi?"

Nilidhani ananitania. Nikainama nikasoma. Cheti cha KCSE kilisema Mohamed. Kitambulisho kilisema Muhamad. Shahada, ambayo nilikuwa bado naitembeza nyumba kwa nyumba kama bibi harusi, ilisema Mohammed, na m mbili katikati. Miaka yote hiyo sikuwahi kulisoma jina langu hadi mwisho. Nani husoma? Matokeo yakitoka, macho hukimbilia alama.

Hiyo ilikuwa 2016. Naandika haya leo kwa sababu mabinti wa mtaani kwetu Mtongwe, Mombasa, hunisimamisha njiani na swali lilelile: mwalimu, yataka nini mtu aandikwe kazi ya ualimu na serikali? Mimi huwa na haraka ya feri. Nawajibu nusunusu, nusu iliyobaki wanaiokota kwa watu. Leo nimeketi.

Watu hudhani shahada ndiyo ualimu. Babangu alidhani hivyo. Siku ya mahafali alichinja mbuzi, akawatangazia majirani kwamba mwanawe sasa ni mwalimu. Kisheria sikuwa. Sheria ya TSC ya 2012 hairuhusu mtu ashike chaki kabla hajasajiliwa na Tume, iwe shule ni ya serikali au ya mtu binafsi. Tume yenyewe ilianza 1967, na Katiba ya 2010 ikaipa nguvu zaidi katika kifungu cha 237. Kusajiliwa ni jambo moja, kuandikwa kazi ni jingine kabisa. Mimi kati ya kusajiliwa na kupata ajira ya kudumu nilikaa miaka 9, na nimeona waliokaa zaidi.

Lakini nianze mwanzo, na mwanzo wenyewe si chuoni.

Nilifanya KCSE 2009. Nikapata wastani wa B: Kiswahili A-, Historia B, Jiografia C. Nilipoitwa chuo kikuu 2011 kusomea ualimu, nilichagua Kiswahili na Jiografia, kwa sababu moja tu: nilipenda ramani. Kwetu Mtongwe meli za Kilindini hupita mbele ya mlango, na tangu utotoni nilitaka kujua zatoka wapi. Chuoni hakuna aliyenizuia.

Aliyenizuia ni mzee mmoja jirani, mwalimu mstaafu, alifundisha shule za msingi tangu enzi za CPE, ule mtihani wa zamani wa darasa la saba. Sote tulimwita Maalim. Nilimkuta barazani kwake na kikombe cha kahawa chungu, nikamwamkia, akanitakia heri, kisha akauliza nasomea nini. Nikamwambia.

"Jiografia ulipata nini?"

"C, Maalim."

"C ya kujumlisha au C tupu?"

"Tupu."

Akaweka kikombe chini. "Basi hiyo miaka minne waenda kuitosa baharini. TSC haianzii chuoni, mwanangu. Yarudi nyuma mpaka kidato cha nne."

Alinieleza jambo ambalo hakuna aliyewahi kunieleza, si shuleni wala chuoni. Anayetaka kusajiliwa kufundisha sekondari anahitaji shahada ya ualimu yenye masomo mawili ya kufundishia, na huko nyuma kwenye KCSE awe na wastani usiopungua C+, na C+ hiyohiyo katika kila somo moja kati ya yale mawili. Shahada nzuri ya Jiografia haiifuti C tupu ya kidato cha nne. Jumatatu iliyofuata nilikuwa mlangoni pa idara nikiomba kubadilisha Jiografia kwa Historia. Nililia kidogo, siwafichi. Ramani nilizipenda kweli.

Mwenzangu wa bwenini hakuwa na Maalim. Alisoma miaka minne, akafuzu vizuri kunipita, na alipopeleka makaratasi yake akarudishwa kwa sababu ya somo moja la 2009. Leo ana duka la vitambaa Marikiti na kipato chake kinanishinda. Tukikutana hunicheka na mkoba wangu wa madaftari. Ila shahada yake, aliniambia siku moja tukinywa madafu, ipo chini ya godoro ndani ya plastiki, na hajaitoa tangu siku ile.

Kuna na wale wenye shahada ya sanaa au ya sayansi, si ya ualimu. Hao mlango wao upo: hurudi kusoma stashahada ya uzamili ya ualimu, mradi shahada yao iwe na masomo mawili yanayofundishwa shuleni na alama zao za KCSE zitoshe. Na shule za msingi nazo zina njia yake. Zamani ilikuwa cheti cha P1 cha miaka miwili. Siku hizi ni stashahada, na vyuo kama cha Shanzu huanza kwa kuuliza wastani wa C. Mdogo wangu alipitia huko. Alinikera sana, maana alimaliza bila kikwazo hata kimoja. Mimi ndiye niliyekuwa nimemkagulia alama zake kabla hajajaza fomu.

Sasa mazoezi ya kufundisha. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipojua kama kazi hii naipenda au naitaka tu.

Nilipelekwa shule moja ya upande wa Kisauni, muhula wa pili, 2014. Kidato cha pili, wanafunzi 62, madirisha upande mmoja tu, na joto la Mombasa mnalijua. Kila usiku niliandika andalio la somo: shabaha, vifaa, hatua, muda, shughuli za mwalimu, shughuli za mwanafunzi. Juu yake kuna maazimio ya kazi ya muhula mzima, na chini yake rekodi ya kazi unayojaza baada ya kipindi. Mhadhiri anayekuja kukukagua hakupi taarifa. Unamwona tu kichwa kinapita dirishani, anaingia, anakaa dawati la nyuma na watoto, magoti yamegusa kifua, anafungua faili lako.

Siku hiyo nilikuwa nafundisha nyakati. Nikaandika ubaoni: Mtoto anakuja. Nikawaambia li- ni ya jana, na- ni ya sasa, ta- ni ya kesho. Msichana wa safu ya tatu akainua mkono.

"Mwalimu, 'yuwaja' ni makosa?"

"Kwa nini wauliza?"

"Nyanyangu hasemi 'anakuja'. Asema 'yuwaja'. Mwalimu wa mwaka jana alinikatia alama."

Darasa likacheka, lakini kile kicheko cha watu ambao nyumbani kwao pia husemwa yuwaja. Nyuma kabisa, mhadhiri aliacha kuandika. Andalio langu halikuwa na nyanya yeyote ndani yake. Lilisema utangulizi dakika 5, kisha mazoezi ya vitabuni. Ningeweza kumwambia akae chini, ajibu kama kitabu kisemavyo.

Sikuweza. Nyanyangu mimi pia husema yuwaja. Basi nikaweka chaki chini, nikawasimulia kwamba 1928 palikuwa na mkutano wa wakubwa wa elimu wa nchi za Afrika Mashariki wakitafuta Kiswahili kimoja cha vitabu vya shule. Lahaja zilizokuwa zikipimwa ni nyingi, kubwa zikiwa Kimvita cha hapa kwetu na Kiunguja cha Zanzibar. Wakachagua Kiunguja. Nyanya yako hakukosea, nikamwambia. Nyanya yako hakuulizwa. Nyumbani sema yuwaja, kwenye mtihani andika anakuja, na ujue kwa nini.

Mvulana mmoja akauliza mkutano ulifanyiwa wapi.

"Hapahapa Mombasa."

"Aa, mwalimu! Yaani walikuja kumhukumu Mvita nyumbani kwake?"

Hapo darasa lilipasuka, na kengele nusura inikute sijafika kwenye mazoezi.

Baada ya kipindi mhadhiri aliniketisha chini ya mwarobaini. Aliniambia bila kuzunguka: utangulizi wa dakika 5 umekula dakika 12, zoezi halikusahihishwa, rekodi ya kazi ya wiki iliyopita haina saini. Alama zikakatwa kwa kila moja, na alikuwa na haki. Kisha akafunga faili, akaniuliza mimi ni wa wapi. Mtongwe, nikasema. "Na nyumbani kwenu mwasemaje?" Nikamwambia yuwaja. Akacheka, akaenda zake.

Wapo vijana wanaoyachukulia mazoezi hayo kama adhabu ya kupitisha muhula. Wanaazima andalio la mwenzao, wanabadilisha tarehe. Nawasikitikia kidogo. Makaratasi yale hayaishi ukifuzu. Yanakufuata kazini mpaka unastaafu, na siku hizi yameongezewa TPAD, ambayo ni tathmini ya utendaji wako. Usipozoea mapema kuandika unachofanya na kufanya ulichoandika, utateseka.

Nikarudi nyumbani na shahada mwishoni mwa 2015, mbuzi akachinjwa, na mwaka uliofuata nikaanza kuzunguka na bahasha.

Nikiwatajia wale mabinti vitu vya kusajiliwa huwa wanahesabu kwa vidole, na vidole huisha: cheti cha KCSE, shahada pamoja na orodha ya alama za chuoni, kitambulisho, PIN ya kodi ya KRA, picha, cheti cha tabia njema kutoka DCI (idara ya upelelezi), fomu ya daktari inayoitwa GP 69, na ada ya usajili Sh1,055. Maombi yenyewe siku hizi hufanywa kwa mtandao, lakini wakati wangu vyeti halisi vilionekana na macho ya mtu.

Cheti cha tabia njema kinataka alama za vidole vyote kumi. Nilipaka wino asubuhi nikiwa nimevaa baibui jipya, na hadi jioni nilikuwa nashika vitu kwa viganja kama kaa. Lipa Sh1,050, kisha subiri. Ushauri wangu ni kwamba hicho ndicho cha kuanza nacho, maana vingine vyote unaweza kuvikimbilia kwa miguu yako, hicho chenyewe kinakuja kinapotaka. Ile GP 69 nayo inajazwa na daktari aliyesajiliwa. Wangu aliniuliza naumwa wapi. Nikamwambia siumwi popote, nataka aandike hivyohivyo. Akaniambia mimi ndiye mgonjwa wa kwanza siku hiyo kumletea habari njema.

Kilichonichelewesha ni cheti cha KCSE. Shule niliyosoma ilikuwa imekifungia kabatini kwa sababu ya deni la karo, Sh14,600. Sheria ya baraza la mitihani inakataza mtu yeyote kumzuilia mtahiniwa cheti chake. Hilo nilikuja kulijua baadaye sana. Wakati ule tulijua deni tu. Mamangu alikuwa akikaanga viazi karai jioni pale karibu na stendi, na deni hilo alililipa elfu moja leo, mia tano wiki ijayo, kila risiti akaifunga kwenye ncha ya leso. Siku nilipokabidhiwa kile cheti nilikibusu. Nikakiweka kwenye bahasha. Na kwa mara nyingine tena, sikusoma jina.

Ndipo yule afisa akaniuliza babangu ni yupi.

Hakuniudhi, na kosa halikuwa lake. Fikiria upande wake: mtu mwingine kabisa aweza kuja na cheti cha binamuye. Kazi yake ni kuhakikisha yule aliyefanya mtihani, yule aliyesoma chuo na huyu aliyesimama mbele yake ni mtu mmoja. Akaniambia nilete hati ya kiapo inayosema hivyo.

Jioni nilimweleza babangu. Alikuwa amerudi kutoka msikitini, kofia bado kichwani. Miaka 30 amekuwa kuli bandarini, na kusoma kwake ni kule kwa chuoni, madrasa. Hakusema kitu. Alichukua kalamu yangu nyekundu, akageuza ile bahasha, akaandika polepole kutoka kulia kwenda kushoto: mim, ha, mim, dal. Kisha juu ya mim ya pili akaweka shada, ile alama ya kuikaza herufi isomeke mara mbili.

"Hili ndilo jina langu. Lisome."

Nikalisoma.

"Sasa hizo zako tatu, ipi iliyo mimi?"

Sikuwa na jibu. Kwa herufi alizozijua yeye, alikuwa mtu mmoja tangu azaliwe. Ni hizi herufi za ofisini zilizomgawanya. Mohamed lilitiwa na mwalimu wa darasa alipokuwa akisajili watahiniwa wa 2009, kwa haraka, kwa namna alivyozoea yeye. Muhamad liliandikwa na karani siku ya kitambulisho, na mwenye kujua jinsi vitambulisho vinavyopatikana huku kwetu, wazee wanakuhoji babu yako alizikwa wapi, atajua hiyo si siku ya kubishana na mtu kuhusu herufi. Mohammed nililijaza mimi mwenyewe chuoni, kwa sababu nililiona limeandikwa hivyo kwenye gazeti, nikalipenda. Cha kuchekesha ni kwamba hilo la kupenda, lenye m mbili, ndilo lililoikaribia ile shada.

Kesho yake nilivuka feri, nikaenda kwa wakili mmoja mwenye ofisi juu ya maduka, si mbali na mahakama. Ngazi nyembamba, feni inalia. Karani wake alipiga chapa karatasi moja: kwamba mimi niliyetajwa naapa majina hayo yote ni ya mtu mmoja, naye ni mimi. Nikatia sahihi, muhuri ukagongwa, nikalipa elfu moja. Dakika 20 hazikufika. Miezi niliyopoteza kukimbilia vyeti vingine, na hili la dakika 20 ndilo lililokuwa limekaa njiani.

Nambari yangu ya TSC ina tarakimu sita. Ilipotoka, mamangu aliniomba nimsomee, akaiandika kwa mkaa ukutani, juu ya mtungi. Ipo mpaka leo, tumepaka rangi nyumba mara mbili na hapo panarukwa.

Yaliyofuata nitayapita upesi, kwa sababu ni kungoja tu, na kungoja hakusimuliki. Nilifundisha kama mwalimu wa BOM, yaani unalipwa na halmashauri ya shule kwa pesa za wazazi. Sh8,000 kwa mwezi, mwezi ukiwa mwema. Nafasi za TSC zikitangazwa nilikwenda kuhojiwa na bahasha yangu, na huko nikajifunza kwamba mahojiano yana karatasi ya alama, na muda tangu ulipofuzu una uzito wake humo. Kwa hiyo wa 2015 anamsubiri wa 2010 apite kwanza. Tena Kiswahili na Historia ni masomo yenye watu, ukisimama nje ya ofisi ukaita "Kiswahili na Historia!" nusu ya foleni itageuka. Mwenye Hisabati na Fizikia humwoni kwenye foleni mara ya pili.

Machi 2020 shule zikafungwa kwa korona. Mwalimu wa BOM halipwi darasa likiwa tupu. Nilirudi jikoni, mamangu akaniongezea karai la pili, nikawa nasukuma mahamri alfajiri na kuyapeleka mtaani. Wanafunzi wangu waliyanunua wakiniita mwalimu, wakitaka nyongeza ya mbaazi. Niliwapa. Shule zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021 nilirudi darasani na mikono yenye alama za mafuta.

Kisha 2023 ikaja sekondari msingi, Gredi ya 7 ya kwanza, na serikali ikahitaji walimu kwa maelfu kwa mkupuo. Nikachukuliwa kama mwanagenzi. Posho Sh20,000, na makato yakishapita inabaki kama elfu 17. Toa nauli ya matatu kutoka feri hadi Kisauni, kwenda na kurudi, siku 5 kwa wiki (feri yenyewe kwa miguu ni bure, tushukuru), toa chakula, uone kilichobaki. Nilifundisha Kiswahili, Masomo ya Jamii, na siku mwenzangu alipokuwa mgonjwa nikafundisha Kilimo, mimi ambaye nimekua nikitazama meli. Ramani zilinirudia kupitia Masomo ya Jamii. Maalim alikuwa ameshafariki, ningemwambia.

Aprili 2024 Mahakama ya Ajira ilitoa uamuzi kwamba TSC haina mamlaka ya kuwachukua walimu waliokwisha kusajiliwa kama wanagenzi. Mei tukatoka barabarani. Mimi si mtu wa maandamano, lakini nilikwenda, na jua la siku ile lilinitosha mwaka mzima. Januari 2025 wanagenzi wa sekondari msingi kwa maelfu tukaingizwa katika ajira ya kudumu. Barua yangu ilikuwa na jina langu lote, na nililisoma herufi kwa herufi kabla sijasoma kitu kingine chochote.

Kuna kitu kimoja ninachofanya sasa ambacho wenzangu wa ofisini wanakiona kama wazimu. 2025 Gredi ya 9 walikuwa kundi la kwanza kufanya KJSEA, mtihani wa kumaliza sekondari msingi, na shuleni nilijitolea kusimamia usajili wa watahiniwa. Kazi hiyo hakuna anayeigombania. Nilimwambia kila mtoto alete cheti cha kuzaliwa, na kama hana, mzazi aje mwenyewe na kitambulisho chake. Naibu mkuu wa shule akaniambia, "Mwalimu, utakesha." Nikamwambia nitakesha.

Siku ya tatu alikuja mama mmoja, baibui limejaa unga, ametoka kuacha biashara yake. Mwanawe amesimama kando, ameudhika kwamba mamake ameitwa shule na yeye hajafanya kosa. Nikamwonyesha mama jina lilivyoandikwa kwenye orodha, na lilivyoandikwa kwenye kadi ya kliniki. Hayakufanana.

"Mwalimu, andika lolote," akasema. "Mungu yuwamjua."

"Mungu yuwamjua, mama. Karani hamjui."

Akacheka, akaketi. Akatoa mkobani mfuko wa plastiki, ndani yake gazeti, ndani ya gazeti cheti cha kuzaliwa kilichokunjwa mara nne hadi mikunjo imeanza kuachana. Tukakilaza mezani, nikakishika pembe mbili, yeye pembe mbili. Nikamwita yule kijana asogee, nikamwambia atusomee jina la babake kama lilivyo hapo, herufi moja moja, bila haraka. Akainama, akaweka kidole chini ya ile ya kwanza, akaanza.